Darasa moja la yoga kwa wenye mgongo, presha na wasiwasi: nilipangeje?

MwalimuUmoja

Habari za jioni wadau. Nafundisha yoga kwenye ukumbi hapa Umoja, Nairobi, Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili hadi saa moja jioni. Zamani walikuwa watu wazima wa afya wanaotaka kunyoosha viungo baada ya kazi. Sasa kliniki ya jirani imeanza kutuelekezea wagonjwa, na darasa limekuwa la mchanganyiko:

– madereva wa matatu na bodaboda wenye maumivu ya mgongo wa chini. Mmoja wao maumivu yanamshuka mguu wa kushoto hadi ugokoni;
– akina mama wa miaka hamsini kwenda juu wenye presha, wote wanameza dawa;
– vijana wenye wasiwasi na kukosa usingizi. Yupo binti ambaye tukianza tu mazoezi ya pumzi moyo unamwenda mbio na anataka kutoka nje.

Vifaa ni mikeka, shuka za Kimasai, leso, viti vya plastiki na ukuta. Hatuna vigogo vya kuegemea wala mito mirefu kama ya studio za Westlands.

Kozi yangu ya ualimu wa yoga ilikuwa ya saa 200, na kuhusu magonjwa ilitupa orodha ya "usifanye" tu. Naomba wanaojua wanisaidie: je, ni sawa kuwaweka hawa wote pamoja? Kila kundi nilipatie mazoezi gani, kwa kiasi gani? Na ni nani nisimguse kabisa, nimrudishe kliniki?

---

FizioBuruburu

Mwalimu, umeuliza vizuri. Nitajibu upande wa mgongo, wengine wataongeza.

Anza na mchujo mlangoni, kabla mtu hajavua viatu. Mwenye mgongo muulize haya: je, ana ganzi sehemu za siri na makalioni, pale panapogusa kiti cha boda? Mkojo unakataa kutoka, au unatoka bila yeye kujua? Mguu umekosa nguvu, wayo unaburura akitembea? Ukisikia "ndiyo" hata kwa moja, hiyo ni hospitali usiku huo huo, kwa sababu neva za chini zinabanwa na kila saa ina maana. Halafu uliza homa za jioni, jasho la usiku, kukonda bila sababu, maumivu yanayozidi hata akilala. Kifua kikuu hushika pingili za mgongo pia, na hapa kwetu ni ugonjwa wa kuufikiria mapema. Aliyewahi kuwa na saratani, aliyeanguka juzi, au aliyemeza dawa za steroidi muda mrefu, naye aende akapigwe picha kwanza.

Waliobaki, ambao ndio wengi, yoga inawafaa. Mwaka 2017 chama cha madaktari bingwa wa Marekani kiliiweka yoga kati ya tiba za kujaribu kwa maumivu sugu ya mgongo kabla ya kukimbilia vidonge. Mwaka huo huo utafiti wa Boston uliwachukua watu wazima 320 wenye kipato cha chini, ukawagawa: yoga mara moja kwa wiki dakika 75 kwa wiki 12, fiziotherapia, au kitabu cha maelezo. Yoga haikuwa nyuma ya fiziotherapia katika kupunguza maumivu na kurudisha uwezo wa kufanya kazi. Ila iliyotumika pale ilikuwa yoga laini, ya hatua kwa hatua, na watu walirudia mazoezi nyumbani. Siyo salamu za jua, ule mfululizo wa kuinama na kunyanyuka, kwa kasi.

Sasa yule wa ugokoni. Mlaze kifudifudi, mikono pembeni, dakika mbili. Kisha aegemee viwiko, nyonga zikibaki chini, makalio yamelegea, akae sekunde 30. Muulize swali moja tu: "Maumivu yako wapi sasa?" Yakitoka ugokoni yakapanda kwenye paja au kalio, uko njia sahihi, hata kama mgongo wenyewe unauma kidogo zaidi. Yakishuka kuelekea wayo, au vidole vikianza kufa ganzi, acha hapo hapo na usirudie siku hiyo. Yakipanda, mpe mara 10 za kusukuma kifua juu kwa mikono huku nyonga zikining'inia chini, na arudie nyumbani kila baada ya saa mbili tatu, hasa akishuka kwenye gari.

Lakini usiugeuze mkao huo kuwa dawa ya kila mgongo. Mzee wa miaka 65 ambaye miguu inamuuma na kuwa mizito akitembea hadi kituoni, na akiketi au akiinama mbele anapata nafuu, huenda nafasi ya neva kwenye uti wake imebana. Ukimpindisha nyuma unaibana zaidi. Huyo anataka magoti kifuani akiwa chali, kukaa kitini na kuinama kidogo, na kutembea kwa vipande vifupi. Wagonjwa wawili, neno "mgongo" lile lile kwenye karatasi, mazoezi yanayopingana kabisa. Ndiyo sababu simpendi mtu anayeuliza "mkao gani unatibu mgongo?"

Kwa wenye mgongo wa kawaida usioshuka mguuni, mpangilio wangu ni huu:

1. Chali, miguu kuanzia magoti ikiwa juu ya kiti cha plastiki, dakika 3 hadi 5. Hapa misuli ya kiuno inaachia.
2. Magoti yamekunjwa, kuubana na kuuachia mgongo wa chini taratibu juu ya mkeka, mara 8.
3. Paka na ng'ombe, yaani kwa mikono na magoti kuuinua mgongo kisha kuushusha, kwa mwendo mdogo, mara 6 hadi 8. Mwisho wa mwendo pasiwe na kubanwa.
4. Kwa mikono na magoti, kunyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kushika sekunde 5 hadi 8, mara 5 kila upande. Kosa la kawaida: mguu unapanda juu kuliko kalio na kiuno kinapinda. Mwambie asukume kisigino nyuma, asikipandishe. Kikombe cha chai kilichowekwa kiunoni kisimwagike.
5. Daraja, yaani chali, magoti yamekunjwa, kuinua nyonga, pumzi 5, mara 4 au 5. Msuli wa nyuma ya paja ukikakamaa, visigino viko mbali mno. Vivute hadi ncha za vidole vya mikono vivifikie, kisha abonyeze visigino.
6. Chali, leso kwenye wayo, mguu juu, goti la pili limekunjwa. Sekunde 30, mara 2 kila mguu. Mvuto uwe katikati ya paja. Ukihisi mchomo nyuma ya goti au vidoleni, hiyo ni neva, na neva haivutwi kama msuli: punguza kimo, kunja goti kidogo.

Kanuni ya kipimo: maumivu kutoka 0 hadi 10. Yanaruhusiwa kupanda kwa namba mbili wakati wa zoezi, mradi kesho yake asubuhi yawe yamerudi pale alipoanzia. Yasiporudi, wiki inayofuata punguza nusu ya marudio. Usibadilishe mikao sita kwa wakati mmoja, maana hutajua ni upi uliomuumiza.

Jambo moja la mwisho: wanaoamka saa kumi alfajiri kuwahi gari wasiiname kugusa vidole kitandani. Usiku diski hujaa maji, na saa ya kwanza ya asubuhi ndiyo huwa na shinikizo kubwa zaidi mtu akijikunja.

---

PumziKwanza

Nakubaliana na Fizio kwa karibu yote. Niongeze kuhusu presha na kuhusu pumzi, kwa sababu hapo ndipo madarasa mengi yanaharibikia.

Mwalimu, nunua au azima mashine ya kupimia presha, ya kufunga mkono wa juu, siyo ya kwenye kifundo cha mkono. Mama akifika akae dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo chini, mkono mezani usawa wa moyo, ameshakwenda haja ndogo, na hajanywa chai wala kahawa kwa nusu saa. Aliyepanda ngazi sasa hivi akipimwa kabla ya kutulia atakudanganya bila kukusudia. Ikisoma 180/110 au zaidi, pima tena baada ya dakika 5. Ikibaki hapo, hakuna mazoezi, na arudi kliniki. Ikifika 180/120 pamoja na kifua kuuma, kichwa kikali, macho kuona ukungu au mdomo kwenda upande, hiyo ni dharura.

Tafiti zikijumlishwa, yoga hushusha kipimo cha juu cha presha kwa wastani wa takribani 5. Ni faida ya kweli lakini haitoshi kumwachisha mtu dawa. Usimruhusu yeyote apunguze vidonge kwa sababu "anajisikia mwepesi". Daktari ndiye anayepunguza, kwa kuangalia vipimo vya wiki kadhaa vilivyoandikwa daftarini.

Jua pia dawa wanazomeza. Mwenye atenolol au propranolol mapigo yake hayapandi kama kawaida hata akichoka, kwa hiyo usimpime kwa mapigo. Tumia kuongea: akiweza kusema sentensi nzima bila kukatika, kasi inafaa. Mwenye vidonge vya kukojoa anaweza kuona kizunguzungu akiinuka ghafla. Kutoka chini: ageuke ubavu wa kulia, avute pumzi tatu, apige goti moja, ashike kiti, ndipo asimame.

Kinachopandisha presha darasani ni kushikilia pumzi wakati wa kukaza. Angalia mkao wa shujaa au kiti, ile ya kusimama na kukunja magoti: uso unakunjamana, shingo inatoa mishipa, pumzi imefungwa. Mwambie ahesabu kwa sauti. Anayehesabu hawezi kufunga pumzi. Mikono ikiwa juu ya kichwa isizidi pumzi 3 au 4, na mikao ya kichwa chini iondoe kabisa kwenye kundi hili. Kapalabhati na bhastrika, zile pumzi za kusukuma tumbo kwa kasi, usizifundishe kwa mwenye presha, ugonjwa wa moyo, kifafa, mimba, wala kwa yule binti wako.

Dawa yenyewe ya kundi la presha ni pumzi ya polepole. Lengo ni pumzi 6 kwa dakika: kuvuta kwa hesabu ya 4, kutoa kwa hesabu ya 6. Kwa mwendo huo, vipokezi vya shinikizo vilivyo kwenye mishipa ya shingo na ya moyo hufanya kazi vizuri zaidi, na moyo hupunguza kasi kila pumzi inapotoka. Asiyezoea usimlazimishe 4 na 6 siku ya kwanza. Aanze 3 na 4 kwa dakika 3, kila wiki aongeze kidogo hadi dakika 10 kwa siku.

Kosa linalotokea kila mara: mwalimu anasema "vuta pumzi ndefu", watu wanavuta nyingi. Baada ya dakika mbili midomo inawasha, vidole vinachomachoma, kichwa kinazunguka. Ile si "nishati inaamka". Ametoa hewa ya kaboni nyingi mno, na mishipa ya ubongo imejibana. Mwambie afunge mdomo, avute kiasi kidogo kupitia puani, kama anayenusa tu, na atoe polepole. Mkono mmoja juu ya kitovu: unyanyuke kwa sentimita moja au mbili, basi. Kifua kikipanda na mabega yakipanda, bado anavuta kupita kiasi.

Na kwa kuwa Julai inakaribia na ukumbi una baridi: msiwashe jiko la makaa ndani mkafunga madirisha. Gesi yake haina harufu, inaua. Mtu aliyelala chali kwenye shavasana, yale mapumziko ya mwisho wa darasa, hatajua tofauti ya kulegea na kuzimia. Vaeni sweta na soksi, funikaneni shuka.

---

NesiAkiliKasarani

Naingia kwa yule binti na wenzake.

Mwalimu, mtu mwenye wasiwasi mkali akiambiwa "fumba macho, sikiliza pumzi yako", unampeleka moja kwa moja kwenye kitu anachokiogopa. Anasikia moyo, anaukagua, anaona unakwenda mbio, anaogopa, unaongeza mbio. Kwake anza kwa mwendo. Asimame, macho wazi, nyayo sambamba na nyonga, abonyeze kisigino, kisha kidole gumba, kisha ukingo wa nje wa wayo. Ainue mikono akivuta, aishushe akitoa, bila wewe kutaja neno pumzi. Mara 10. Halafu mpe kitu cha nje: rangi tatu anazoziona, sauti mbili, mguso wa leso mkononi. Pumzi ya kuhesabu iingie wiki ya tatu au ya nne, akiwa amekaa, dakika moja, na awe na ruhusa ya kuacha. Wengi wao hupokea bhramari kwa urahisi zaidi, kule kuvuma "mmm" wakati wa kutoa pumzi, kwa sababu sauti inarefusha pumzi yenyewe pasipo kuhesabu. Mara 5 zinatosha kuanza.

Kwa aliyepitia kiwewe, yaani kubakwa, kupigwa, ajali, vurugu za uchaguzi, mpangilio wa ukumbi ni nusu ya tiba. Usimguse kumrekebisha, hata kwa nia njema. Usitembee nyuma yake wakati wa shavasana. Mwache achague mkeka karibu na mlango na mgongo wake uelekee ukutani. Taa zipunguzwe, zisizimwe. Kulala chali miguu imepanuka si pumziko kwa kila mtu, kwa hiyo toa njia tatu: chali, ubavu, au kukaa ukiegemea ukuta. Sema "ukipenda, inua mkono", siyo "inua mkono". Taja muda: "tutakaa hapa pumzi tano, kisha tutatoka." Mwaka 2014 ulitoka utafiti wa Marekani kwa wanawake 64 wenye kiwewe sugu ambacho tiba za kawaida hazikukimaliza. Baada ya wiki 10 za yoga ya namna hii, saa moja kwa wiki, 16 kati ya 31 hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa. Kundi la kulinganisha, lililopewa elimu ya afya, walikuwa 6 kati ya 29. Walichozoezwa hasa ni kuchagua na kuuhisi mwili wao bila kuukimbia.

Unyogovu una mahitaji mengine kabisa. Mtu aliyezama, ukimlaza chini dakika 20 kimya, unampa nafasi ya kuzungusha mawazo yale yale. Huyo msimamishe. Mikao ya kusimama, mikono wazi, mwendo wa mdundo, macho mbele, ikiwezekana asubuhi kwenye mwanga. Shavasana yake iwe dakika 3, na wewe uendelee kuongea. Ila mwenye kukosa usingizi mpe kinyume: dakika 20 kabla ya kulala, miguu juu ya kiti, kutoa pumzi kurefu, simu iwe chumba kingine.

Tahadhari zangu tatu nzito. Mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka asipewe pumzi za kasi wala mikesha ya kutafakari, zinaweza kumrusha juu. Anayesikia sauti au aliyewahi kupoteza uhalisia asiketi kimya kwa muda mrefu macho yamefungwa, mpe mwendo mfupi wenye maelekezo ya wazi. Na dawa za akili zisiachwe. Amitriptilini, klopromazini na olanzapini pia hushusha presha mtu akisimama ghafla, kwa hiyo utaratibu wa kuinuka alioutoa PumziKwanza uwahusu hata vijana. Anayemeza dawa ya litiamu asitoe jasho jingi bila kunywa maji.

Pima. Fomu ya unyogovu, PHQ-9, ipo kwa Kiswahili, maswali 9, alama 0 hadi 27. Ya wasiwasi ni GAD-7, alama 0 hadi 21. Jaza siku ya kwanza na kila wiki 4. Kuanzia alama 10 katika mojawapo, awe na mhudumu wa afya pamoja na yoga, siyo yoga peke yake. Swali la 9 la PHQ-9 linauliza kuhusu kujidhuru au kuona heri ufe. Jibu lolote lililo juu ya sifuri, unaongea naye faraghani siku hiyo hiyo, humwachi aondoke peke yake, na unamkabidhi kwa kliniki. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu ni ya bure, ibandike ukutani.

---

MwalimuUmoja

Shukran sana Fizio, PumziKwanza, Dada Nesi. Nimeelewa kwamba nilikuwa nauliza swali la mikao wakati swali ni la mtu. Nibaki na haya: (1) saa moja nitaigawaje ikiwa kila mmoja anahitaji chake? (2) mmoja wa akina mama ana presha ya macho, mwingine aliambiwa mifupa imepungua. (3) kuinama mbele. Nilifundishwa kwamba kunatuliza akili, na Fizio anaonekana kuogopa jambo hilo.

---

PumziKwanza

(1) Usizidi watu 8. Dakika 10 za kwanza kupima na kuulizana: "umelalaje, nini kimebadilika, umemeza dawa?" Dakika 10 za kusimama pamoja, viungo vyote, kila kundi linaweza. Kisha dakika 20 makundi matatu: mgongo wako chini mbele, presha wako kwenye viti ubavuni, wasiwasi wamesimama karibu na mlango. Waandikie karatasi kubwa yenye mazoezi manne tu kwa kila kundi, wewe uzunguke. Dakika 10 za pumzi, watakaotaka wahesabu, watakaotaka wavume, na yule binti aendelee na mikono. Dakika 10 za mwisho mapumziko kwa njia tatu za Nesi. Wageni wapya wakutane nawe peke yao kabla ya kuingia kundini, nusu saa, maana mambo mengine hayasemwi mbele ya majirani.

(2) Presha ya macho: kichwa kisishuke chini ya moyo. Utafiti wa New York wa mwaka 2015 ulipima shinikizo la jicho katika mikao minne, na lilipanda kwa wenye ugonjwa na wasio nao, zaidi katika mbwa anayeangalia chini, ule mkao wa viganja na nyayo chini, makalio juu. Watu huacha kusimama kwa kichwa wakadhani wamemaliza, kumbe hata kuinama ukisimama kumo, na miguu ukutani imo pia. Badala ya mbwa, aweke viganja ukutani usawa wa nyonga, mgongo sambamba na sakafu, kichwa kati ya mikono, kisishuke.

Mifupa nimwachie Fizio.

---

FizioBuruburu

Mifupa iliyopungua na kuinama mbele ni jibu moja. Utafiti wa Mayo Clinic wa mwaka 1984 uliwafuata wanawake waliokwisha kukoma hedhi na wenye mifupa dhaifu. Waliofanya mazoezi ya kujikunja mbele, asilimia 89 walipata mivunjiko zaidi ya pingili. Waliofanya ya kunyoosha mgongo nyuma walikuwa asilimia 16. Kwa hiyo mama huyo asijikunje kwa mgongo wa mviringo, asijizungushe kwa nguvu akiwa amekaa, asibingirie mgongoni. Mpe nzige wa chini: kifudifudi, shuka iliyokunjwa chini ya tumbo, kifua kinyanyuke sentimita chache, macho yaangalie mkeka, sekunde 5, mara 6. Mpe pia kusimama kwa mguu mmoja, kidole kimoja cha mkono kikigusa ukuta, kwani kinachovunja nyonga ni kuanguka.

Kuinama mbele si adui. Ninachokataa ni kukaa sakafuni miguu imenyooka na kuvuta vidole kwa nguvu. Dereva ambaye msuli wa nyuma ya paja umefupika kwa kukaa saa kumi na mbili, nyonga haizunguki, kwa hiyo kinachokunjika ni pingili za chini, na diski inasukumwa nyuma kuelekea neva. Mkitaka ule utulivu, kaeni kitini mbele ya kiti kingine, kunjeni kwenye nyonga mgongo ukiwa mrefu, paji la uso lilale juu ya mikono iliyo kwenye egemeo lenye shuka. Kichwa kiko juu ya moyo, hivyo hata mama wa macho anaweza. Dakika 2 hadi 3.

---

NesiAkiliKasarani

Mwalimu, na karatasi ya kurudisha kliniki iwe ya mistari mitano tu: tarehe, presha kabla na baada, maumivu kabla na baada, alama za fomu, zoezi lililomsumbua. Mhudumu mwenye foleni atasoma mistari mitano, hatasoma kurasa mbili.

Kwenye bango lako usiandike "yoga inatibu presha na wasiwasi". Andika "mazoezi ya yoga kwa wanaoendelea na matibabu". Ukitaka kuingia ndani zaidi ya hapo, shirika la kimataifa la tiba ya yoga, IAYT, linadai angalau saa 800 za mafunzo juu ya ulizonazo. Africa Yoga Project, shirika lililoanzishwa 2007, hufunza walimu hapa Nairobi. Waulize mtu wa kukusimamia katika miezi ya kwanza.

---

MwalimuUmoja

Nimechapisha karatasi tayari. Swali dogo la mwisho: viti vyetu ni vile vya plastiki ambavyo miguu yake hupinda kirahisi. Vinatosha kwa kundi la presha?

---

PumziKwanza

Kukaa, ndiyo. Kuegemeza uzito wote, hapana. Miguu ya viti hivyo hupanuka ikisukumwa kwa pembeni, na kwenye vigae vinateleza. Weka kila kiti juu ya mkeka, mgongo wa kiti uguse ukuta, na kabla ya darasa kigeuze uangalie nyufa pale mguu unapoungana na kikalio. Palipogeuka peupe plastiki imeshachoka, hicho kipeleke kwenye kona ya kuwekea mabegi. Mtu mzito mpe viwili vilivyopandanishwa, vinabeba vizuri zaidi na kimo kinamsaidia kuinuka.